Binti yako ni kiungo na anaitaka NWSL, ligi kuu ya mpira wa wanawake Marekani? Njia yenyewe iko hivi

Wazazi wenzangu tulioko huku Marekani, hasa nyie mnaoamka saa kumi alfajiri ya Jumamosi kuendesha gari masaa matatu kwenda kuangalia mechi ya watoto wa miaka 12, haya ni yenu. Swali naloulizwa kila mara ni lile lile, "hivi huyu mtoto akishajua mpira inakuwaje mpaka anasaini mkataba?" na nikisikia watu wanavyojibizana naona tunachanganya na mpira wa wanaume tuliokua nao, ule wa kijana anaonekana mtaani, anachukuliwa na klabu, anapandishwa timu kubwa, imeisha hiyo. Kwa wasichana wa hapa siyo hivyo. Huku mpira wa wasichana umekulia shuleni, tangu 1972 ilipokuja sheria ya Title IX iliyokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu inayokula hela ya serikali kuu, vyuo vikabanwa, vikaanza kufungua timu za wasichana na kutoa skolashipu, na kwa miaka mingi chuo ndo kimekuwa akademi yenyewe. Sahivi hiyo njia imeanza kutoa matawi, ndo maana watu wanapotea.

Nitaongelea viungo tu. Kwanza binti yangu ni kiungo, pili hiyo ndo nafasi ambayo ukikosea njia mtoto anaharibika polepole na hakuna anayeona. Straika akikaa benchi akaingia dakika 10 akafunga, uwanja mzima umemuona. Kiungo haonekani kwa dakika 10. Kiungo anajifunza kwa kucheza, mechi nzima, apokonywe mpira, atukanwe na kocha, aombe tena ule mpira. Kwa hiyo kila njia panda hapa chini mimi nauliza kitu kimoja, atacheza dakika ngapi na atacheza wapi uwanjani, mambo ya jezi na majina ya klabu yanakuja baadaye.

Kabla ya miaka 13

Hapa tulieni jamani. Watoto wa U-9 na U-10 wanacheza 7 kwa 7, U-11 na U-12 wanacheza 9 kwa 9, ile 11 kwa 11 inaanza U-13, na US Soccer, shirikisho la mpira la hapa, imeshakataza watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga kichwa. Kwa kiungo hiyo ni zawadi, mpira unakaa chini na uwanja ni mdogo, anaugusa mara nyingi. Tumia hiyo miaka kujenga vitu viwili tu. Cha kwanza ni kuangalia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, siyo baada. Cha pili ni kupokea mpira mwili ukiwa umefunguka, kwa ule mguu wa mbali, ili akishaupokea tayari anaangalia goli la wenzie. Zoezi langu la bure ni hili, msimamishe mita kama 10 mbele yako, yeye amekupa mgongo na anaelekea ukuta, apige mpira ukutani, kabla haujarudi ageuze shingo aangalie umenyanyua vidole vingapi, ataje namba, afu ndo apokee na kugeuka. Wiki ya kwanza atakuwa anakosea vyote viwili. Mwezi wa tatu utashangaa.

Kama kuna futsal, ule mpira wa ukumbini, karibu mpeleke, kule hakuna pa kujificha. Na kimo kisikutishe, Rose Lavelle ni mdogo wa umbo na ndo kiungo aliyefunga fainali ya Kombe la Dunia 2019 dhidi ya Uholanzi.

Klabu, na pesa yako

Kuanzia miaka 13 hivi utasikia majina mawili kila kona, ECNL iliyoanza 2009 na Girls Academy iliyoanza 2020 baada ya US Soccer kuifunga ligi yake ya Development Academy mwaka huo huo. Makocha wa vyuo wanajaa kwenye mashindano ya hizo ligi mbili, huo ndo ukweli, kwa hiyo ukiweza kuwa humo ni vizuri. Ila bei. Ada ya klabu, jezi, ndege, hoteli, mafuta, kwa mwaka inafika maelfu ya dola, na hamna mtu atakayekwambia kwamba klabu nyingi zina msaada kwa familia zisizoweza mpaka uulize mwenyewe. Uliza kabla hujasaini, uliza kwa maandishi, usione aibu, hao unaowaona wamekaa kimya pembeni yako nusu yao washauliza.

Sisi tulifanya kosa hapa. Tulihamisha mtoto kwenda klabu yenye jina kubwa, sitaitaja, kocha akampenda siku ya majaribio, msimu ulivyoanza akamweka winga ya kulia kwa sababu ana mbio, afu winga yenyewe akawa anaingia kipindi cha pili. Mwaka mzima tumelipa, mwaka mzima binti anakimbia pembeni ya mstari anasubiri mpira. Tukashuka ligi ya chini yake, kule akapewa namba 8 dakika zote, na ndani ya miezi sita alikuwa anaongea na mabeki wake uwanjani kama mama mwenye nyumba. Wenzetu walitucheka eti tumeshuka daraja. Sawa.

Anacheza kiungo gani hasa?

Ukimuuliza mzazi atakwambia "mtoto wangu ni kiungo" basi kaishia hapo, wakati kocha wa chuo anatafuta kitu maalum. Namba 6 ni yule anayekaa mbele ya mabeki, anakaba, anaanzisha mpira. Namba 8 anapanda na kushuka, mapafu. Namba 10 anakaa kati ya mistari, anatoa pasi ya mwisho. Inabidi mtoto ajue ya kwake ni ipi akifika miaka 15 au 16, na ajue pia ile ya pili anayoweza kuicheza, maana hii nafasi inabadilika sana mtu akikua. Sam Coffey alikuwa namba 10 pale chuo cha Penn State, alivyofika klabu ya Portland Thorns wakamrudisha chini akawa namba 6, akashinda ubingwa wa ligi 2022 mwaka wake wa kwanza, na 2024 akarudi na dhahabu ya Olimpiki ya Paris. Julie Ertz alicheza Kombe la Dunia 2015 kama beki wa kati, 2019 alishinda lingine akiwa kiungo mkabaji. Lindsey Horan alienda Ufaransa akiwa mshambuliaji anayefunga magoli kama mvua, ndo baadaye akageuzwa kiungo na 2018 akawa mchezaji bora wa NWSL nzima.

Kwa hiyo kocha akimwambia binti yako acheze namba 6 badala ya 10 usiende kugombana kwenye parking. Ukiona anamweka winga au benchi, hapo sasa kaongee naye, kwa adabu, mtoto mwenyewe akiwa ndo anaongea, wewe ukae nyuma.

Kutafuta chuo, hapa ndo pagumu

Tarehe ya kuandika ukutani ni Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa haiskuli. Kabla ya hapo kocha wa Division I, lile daraja la juu la mpira wa vyuo, haruhusiwi kufanya mazungumzo ya usajili na mtoto. Lakini mtoto anaruhusiwa kumwandikia kocha, na kocha anaruhusiwa kuja kumuangalia, sasa watu wengi wanatuma imeili mwaka wa kwanza, hawajibiwi, wanakata tamaa wakidhani hawatakiwi. Wanatakiwa, au angalau wanasomwa, sheria tu ndo imefunga mdomo wa kocha. Endelea kutuma, kabla ya kila mashindano, jina, mwaka wa kumaliza shule, nafasi, namba ya jezi, uwanja na saa ya mechi. Mistari mitano. Aandike mtoto, siyo wewe, makocha wanajua mkono wa mzazi.

Video sasa. Nililipa watu watengeneze video ya binti, muziki wa kishindo, magoli saba, mashuti yamegonga mwamba, ilikuwa kama tangazo la gari. Hakuna kocha aliyerudi. Baadaye kocha mmoja msaidizi alituambia ukweli, kwamba hiyo video haimuonyeshi kiungo, inamuonyesha mtu aliyefunga. Video ya kiungo ikate hivi, kila klipu ianze sekunde tano kabla hajapokea mpira ili shingo ionekane inageuka, weka duara kumzunguka ajulikane ni nani, weka kupokea akiwa amebanwa, weka pasi za kuvunja mstari, weka mara mbili tatu amepokonya mpira na mara moja amepoteza mpira akakimbia kuufuata. Dakika nne zinatosha. Chini yake weka linki ya mechi nzima isiyokatwa, maana kocha aliyevutiwa na zile dakika nne anataka kujua dakika ya 70 mtoto anafanya nini akiwa hana mpira. Muziki toa.

Darasani usilale pia. Ili acheze Division I anatakiwa masomo ya msingi 16 ya haiskuli na wastani usiopungua 2.3 kwenye hayo masomo, na ajiandikishe mapema NCAA Eligibility Center, ofisi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Familia zetu zinaumia sana hapa kwa sababu mtoto aliyehamia huku katikati ya haiskuli anaweza kuwa na cheti kizuri kabisa ila masomo mengine hayahesabiki, kaeni na mshauri wa shule mwaka wa kwanza, siyo wa nne.

Kuhusu hela, zamani timu ya wasichana ya Division I ilikuwa na skolashipu 14 za kugawana, yaani kocha anakata vipande vipande, huyu nusu, huyu robo. Tangu 2025 kwa vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa NCAA hicho kikomo kimetoka, badala yake timu haizidi wachezaji 28. Sikilizeni vizuri, maana watu wanashangilia upande wa skolashipu wanasahau upande wa 28. Chuo hakilazimishwi kulipa wote, na nafasi zimekuwa chache kuliko timu zilizokuwa zinabeba watu 33, na bado kuna ile transfa potali, mfumo wa wachezaji kuhama chuo kwenda chuo, ambayo kocha anaweza kumchukua kiungo wa miaka 21 aliyekomaa badala ya binti yako wa miaka 18. Kwa hiyo ukikaa na kocha muulize viungo wangapi wanarudi mwaka ujao, wangapi umeahidi wa umri wa binti yangu, kiungo wa mwaka wa kwanza msimu uliopita alicheza dakika ngapi. Hilo la mwisho wala usingoje jibu lake, fungua tovuti ya timu, takwimu za kila mechi zipo wazi, soma mwenyewe.

Afu angalia wanavyocheza. Kuna timu za chuo zinashinda kila wiki kwa kupiga mpira mrefu unapita juu ya vichwa vya viungo, kule namba 10 anageuka mtazamaji aliyevaa jezi. Tena chuoni mchezaji aliyetolewa anaweza kurudishwa kipindi cha pili, kwa hiyo makocha wengine wanabadilisha viungo kama zamu za walinzi, dakika 20 wewe dakika 20 mwenzio. Nenda kaangalie mechi mbili kabla ya kusema ndiyo.

Watu wanapenda North Carolina kwa sababu ina mataji ya NCAA zaidi ya 20, na ni kweli imetoa wachezaji wa kutisha. Lakini Lavelle hakwenda huko, alienda Wisconsin, akacheza miaka minne, kila mwaka yumo uwanjani, na 2017 akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwenye drafti, ule utaratibu wa zamani wa klabu kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Coffey alianza Boston College, akahamia Penn State. Hamna chuo chenye ufunguo peke yake.

Wakati wa kiangazi asikae tu. USL W League iliyoanza 2022 na WPSL ya tangu 1998 zinachezwa kuanzia Mei mpaka Julai, mwanafunzi anacheza bila kulipwa na haharibu haki yake ya kucheza chuoni. Msimu wa chuo wenyewe ni mfupi, Agosti mpaka mwanzo wa Desemba, mechi zimebanana, kwa hiyo kiungo asiyecheza kiangazi anakuwa na mechi chache sana kwa mwaka. Na tangu Julai 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kupata hela ya jina na sura yake, kwa kiungo wa kawaida siyo hela ya kujengea nyumba, lakini viatu vinapatikana. Binti yenu ambaye yuko kwa viza ya mwanafunzi aongee na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hajapokea hata senti.

Kuruka chuo

Sasa hili ndo tawi jipya na ndo watoto wote wanalitaka. Horan ndo alifungua macho ya watu, 2012 akiwa na miaka 18 aliacha nafasi yake North Carolina akasaini Paris Saint-Germain, akakaa mpaka 2016 ndo akarudi Portland. Afu akaja Olivia Moultrie, huyu akiwa na miaka 11 alishakubali skolashipu ya chuo, akiwa na 13 akaamua kuwa mchezaji wa kulipwa, ligi ikamwambia sheria ni miaka 18, akaishtaki, na 2021 mahakama ikasimama upande wake akasaini Portland Thorns akiwa na miaka 15. Baada ya hapo ligi ikaweka utaratibu wa wachezaji wa chini ya miaka 18, na wakaanza kuingia, kama Claire Hutton aliyesaini Kansas City Current akiwa na miaka 17 na kuanza kucheza namba 6 dhidi ya wanawake wazima kama vile kazaliwa pale katikati.

Angalia hapo Hutton alichopata. Alipata dakika. Huo ndo mtihani wa kuruka chuo, klabu inakuahidi uwanja au inakuahidi mazoezi? Mtoto wa miaka 17 kufanya mazoezi mwaka mzima na viungo wa timu ya taifa inasikika tamu kwenye simu, ila akicheza dakika 60 kwa msimu mzima wakati mwenzie chuoni anacheza mechi 20, nani atakuwa mbele wakiwa na miaka 21? Na kwa kawaida akishasaini mkataba wa kulipwa mpira wa chuo umeshafungwa, hakuna kurudi. Mkiamua kwenda, kwenye mazungumzo ombeni klabu imlipie ada ya masomo ya chuo ya baadaye, liandikwe kwenye mkataba.

Baada ya chuo, hakuna tena drafti

Huu ndo mstari ambao watu wengi hawajausasisha kichwani. Mpaka 2024 ulikuwa unakaa mbele ya TV Januari unasubiri jina la mtoto lisomwe, na klabu iliyomsoma ndo imemshika haki zake, apende asipende. Agosti 2024 ligi na chama cha wachezaji, NWSLPA, wakasaini makubaliano mapya mpaka 2030 na drafti ikafutwa kabisa, ligi kubwa ya kwanza Marekani kufanya hivyo. Leo mchezaji anayemaliza chuo anaongea na klabu yoyote anayotaka, na klabu yoyote inaongea naye.

Uhuru mtamu lakini una kazi zake. Zamani uliletewa, sahivi unatafuta. Kwa hiyo mwaka wa mwisho wa chuo mnatafuta wakala, ambaye mnamuangalia kwenye orodha ya mawakala wenye leseni iliyoko kwenye tovuti ya FIFA, mnauliza ana wachezaji gani wa NWSL, mnampigia mmoja wao. Afu mnatengeneza orodha ya klabu kwa hesabu ya viungo, nani ana miaka 33, nani mkataba unaisha, nani kauzwa Ulaya, klabu gani ina namba 6 wawili wagonjwa. Hii hesabu ni ya mtu yeyote mwenye intaneti na jioni moja ya bure.

Namba zenyewe zinatisha kidogo. Msimu wa 2026 ligi ina timu 16 baada ya Boston Legacy na Denver Summit kuingia, kila timu wachezaji wapatao 26, ukitoa makipa, mabeki, washambuliaji na wageni kutoka nje ya nchi, viungo Wamarekani wanaobaki unaweza kuwapandisha kwenye mabasi matatu au manne. Na Division I peke yake ina timu zaidi ya 300. Kwa hiyo wengi hawaingii mlango wa mbele. Wanaingia kwa kualikwa mazoezi ya kabla ya msimu Januari na Februari bila mkataba, au wanaanzia USL Super League, ligi nyingine ya kulipwa iliyoanza Agosti 2024, au wanaenda Sweden au Ujerumani mwaka mmoja miwili wanarudi. Mimi kati ya kukaa benchi NWSL na kucheza kila Jumamosi Super League, ningemwambia binti yangu achukue Super League bila kufikiria mara mbili, ila najua ana kichwa kigumu kama mama yake.

Mkataba wenyewe

Mshahara wa chini kabisa 2025 ulikuwa dola 48,500 na unapanda kila mwaka mpaka dola 82,500 mwaka 2030. Ligi ilivyoanza 2013 ulikuwa dola 6,000 kwa msimu, watu walikuwa wanalala kwa familia za kujitolea na wanafundisha watoto mpira mchana ili wale. Kwa makubaliano mapya mikataba yote imehakikishwa na mchezaji habadilishwi kwenda klabu nyingine bila yeye kukubali. Hilo la pili ni kubwa kuliko linavyosikika, zamani ulikuwa unaamka asubuhi unaambiwa pakia, umeenda jimbo lingine.

Ila 48,500 ya Kansas City siyo 48,500 ya karibu na New York ambako klabu ya Gotham wanacheza, kodi ya nyumba peke yake inakula nusu, kwa hiyo linganisha mji na mji siyo namba na namba. Uliza kuhusu nyumba, gari, bima ikiendelea baada ya majeruhi.

Na uliza kuhusu watu. 2021 ligi ilitikiswa na habari za makocha waliowanyanyasa wachezaji, mechi za wikiendi nzima zikasimamishwa, na 2022 ikatoka ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sally Yates iliyosema unyanyasaji huo ulikuwa umeenea kwenye mfumo mzima kuanzia kwa watoto. Kabla binti hajasaini atafute wachezaji wawili walioondoka klabu hiyo, siyo waliopo, walioondoka, awaulize kocha akikasirika anakuwaje. Na ajue mwakilishi wa NWSLPA kwenye timu ni nani tangu siku ya kwanza.

Klabu kufa pia kupo. Lavelle aliyekuwa wa kwanza kwenye drafti ya 2017, timu yake Boston Breakers ilifungwa Januari 2018, mwaka mmoja tu. Ligi mbili kabla ya NWSL, WUSA ya 2001 na WPS ya 2009, kila moja ilicheza misimu mitatu ikafa. Ndo maana hata Lavelle ukifuata njia yake ni kama ramani ya treni, Boston, Washington Spirit, Manchester City, Seattle, afu Gotham, na kule Gotham ndo alifunga goli pekee la fainali ya ligi ya 2025 akiwa na miaka 30. Msiogope kuhama, ogopeni kukaa.

Magoti, Ulaya na timu ya taifa

Goti ndo adui. Wasichana wanachana ACL, ile kano ya ndani ya goti, zaidi ya wavulana, hili limeshajulikana muda mrefu, na kiungo anageuka geuka kila sekunde. Mazoezi ya kupasha ya FIFA 11+ ni dakika 20, ni bure, yafanywe tangu akiwa na miaka 13, kama kocha wa klabu hayafanyi basi mfanye wenyewe kando ya uwanja. Catarina Macario alichana 2022 siku chache tu baada ya kushinda Ligi ya Mabingwa na Lyon. Sam Mewis alikuwa mchezaji bora wa kike wa Marekani 2020, goti likamstaafisha Januari 2024 akiwa na miaka 31. Na Croix Bethune, huyu nacheka na kusikitika, 2024 alikuwa na asisti 10 msimu wake wa kwanza, akaifikia rekodi ya ligi ya Tobin Heath, akaalikwa kurusha mpira wa ufunguzi kwenye mechi ya besiboli, akaumia goti kwa kurusha, msimu ukaishia hapo. Kwa hiyo digrii imalizwe, hata kama imebaki kozi mbili za mtandaoni.

Ulaya iwe ni kwa ajili ya kitu fulani. Mewis na Lavelle walienda Manchester City 2020 wakarudi, Korbin Albert aliacha Notre Dame Januari 2023 akaenda PSG na mwaka uliofuata alikuwa Olimpiki. Kule kiungo anabanwa haraka na anafundishwa kukaa kwenye nafasi, huku NWSL ni mbio na miili, anayeweza vyote viwili analipwa.

Timu ya taifa msiipangie kalenda. McCall Zerboni aliitumikia ligi miaka na miaka ndo akacheza mechi yake ya kwanza ya taifa 2017 akiwa na miaka 30. Ila makaratasi yapangieni kalenda, hili ni kwa sisi tuliokuja na watoto. Macario alihamia San Diego kutoka Brazil akiwa na miaka 12, uraia akaupata Oktoba 2020, na bado ilibidi FIFA imuidhinishe Januari 2021 ndo acheze. Anzeni hizo fomu mapema, kipaji hakiharakishi foleni ya uhamiaji.

Akishasaini, mazoezi ya kabla ya msimu yanaanza Januari na ligi inaanza Machi mpaka Novemba. Atahamia mji asiomjua mtu, na baridi. Mpakie viatu jozi mbili, za nyasi halisi na za nyasi bandia, maana Portland uwanja ni wa bandia, na yale malengelenge ya wiki ya kwanza hayamngoji mtu azoee.